Mitishamba Pembeni mwa Vidonge: Kumbukumbu za Dirisha la Dawa, Tanga

Dozi ya dawa ya hospitali haipangwi kwa kuuangalia ugonjwa peke yake. Hupangwa na kurekebishwa kwa kumwangalia mgonjwa jinsi alivyo wakati huo: umri na uzito wake, hali ya ini na figo zake, chakula anachokula, na vitu vyote anavyomeza, viwe vimeandikwa na daktari au vimechemshwa jikoni kwake. Daktari anapoongeza au kupunguza vidonge kwa kufuata kipimo cha sukari au cha presha, huwa ameshaihesabu ndani ya dozi hiyo nguvu ya mitishamba anayotumia mgonjwa, hata kama hajaambiwa kwamba mitishamba hiyo ipo. Kwa sababu hiyo, hatari kubwa ya kutumia dawa za aina mbili kwa pamoja hutokana zaidi na badiliko lisilosemwa kuliko mchanganyiko wenyewe, yaani pale mgonjwa anapoanza, anapozidisha au anapoacha dawa ya asili bila anayempangia dozi kujua. Hoja hiyo ndiyo inayozibeba kumbukumbu hizi za mfamasia aliyetumikia kwa miaka mingi dirisha la dawa la hospitali moja mjini Tanga, na ambaye katika kurasa hizi ataitwa mwandishi.

Mkoa wa Tanga una historia inayomsaidia msomaji kulielewa jambo hili. Katika milima ya Usambara Mashariki, pale Amani, serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, na miongoni mwa miti iliyopandwa huko ulikuwamo mkwinini, mti wenye asili ya Amerika ya Kusini ambao magome yake hutoa kwinini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, dawa kutoka Ulaya zilipokuwa haziwezi kufika, magome hayo ndiyo yaliyotumika kutengeneza dawa ya malaria kwa ajili ya askari. Njia hiyo kutoka gome hadi kidonge imepitiwa na dawa nyingi ambazo leo hutolewa dirishani bila mtu kukumbuka zilikotoka. Metfomini, dawa ya kwanza kupewa wagonjwa wengi wa kisukari, chimbuko lake ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Dijoksini, dawa ya moyo, hutolewa katika mimea ya jamii ya Digitalis, ambayo mmoja wao uliandikiwa kitabu na daktari Mwingereza William Withering mwaka 1785. Na artemisinini, chimbuko la sehemu moja ya dawa mseto ya malaria, ilipatikana katika mmea wa tiba ya jadi ya Kichina, na ugunduzi huo ukampatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Anayesema kwamba mitishamba haiwezi kudhuru kwa kuwa ni ya asili huwa anaidharau bila kujua, kwa maana mti wenye nguvu ya kuponya ni lazima uwe na nguvu ya kuugusa mwili, na nguvu hiyo haiulizi kama kuna kidonge kilichotangulia kumezwa.

Wataalamu huita mwingiliano wa dawa hali ambayo kitu kimoja kilichoingia mwilini kinabadilisha kazi ya kingine, nao hutokea kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza inahusu safari ya dawa mwilini, yaani kunyonywa na utumbo, kusambazwa na damu, kuvunjwavunjwa na ini na kutolewa nje na figo, kwani mmea unaweza kuiharakisha safari hiyo hadi dawa ikaisha kabla ya kufanya kazi, au kuichelewesha hadi ikajikusanya na kuwa sumu. Njia ya pili inahusu kazi yenyewe: vitu viwili vinavyovuta upande mmoja hujumlisha nguvu zao, na vinavyovuta pande tofauti hudhoofishana. Njia hii ya pili mtu mwenye uzoefu anaweza kuibashiri, kwa mfano akijua kwamba choya, kinywaji chekundu kinachopendwa pwani, hushusha presha kiasi, atatarajia kizunguzungu kwa mgonjwa anayeinywa kwa wingi juu ya vidonge vya presha. Lakini njia ya kwanza haibashiriki kwa akili ya kawaida, na hata sayansi iligundua sehemu yake kubwa kwa bahati.

Mfano unaojulikana zaidi wa bahati hiyo ni wa balungi. Mwaka 1989 huko Kanada, David Bailey na wenzake walitoa taarifa ya uchunguzi wao juu ya jinsi pombe inavyoathiri felodipini, ambayo ni dawa ya presha, na ambamo walikuwa wametumia maji ya balungi ili kuificha ladha ya pombe. Walichokiona ni kwamba kiwango cha felodipini katika damu kilipanda kuliko walivyotarajia kwa sababu ya tunda, na si kwa sababu ya pombe. Ilikuja kufahamika kwamba balungi hukizima kimeng'enya kiitwacho CYP3A4 katika kuta za utumbo. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, na hiki ndicho kinachovunja sehemu ya dawa nyingi kabla hazijaingia kwenye damu, kwa hiyo kikizimwa, kidonge kimoja huweza kufanya kazi ya vidonge kadhaa. Kwa kuwa athari ya glasi moja inaweza kudumu kwa zaidi ya saa 24, mgonjwa anayekunywa balungi asubuhi na kumeza dawa jioni huwa hajaukwepa mwingiliano huo, na wanaohusika zaidi ni wale wanaotumia nifedipini kwa ajili ya presha au simvastatini kwa ajili ya mafuta ya damu. Kinyume chake ni mmea wa Hypericum perforatum, unaouzwa sana Ulaya na Marekani kama dawa ya huzuni, ambao hulichochea ini litengeneze kimeng'enya hichohicho kwa wingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ulipunguza kiwango cha indinaviri, mojawapo ya dawa za VVU za wakati huo, kwa zaidi ya nusu, na wapo watu waliopandikizwa viungo ambao miili yao ilivikataa viungo hivyo baada ya dawa yao ya kupunguza kinga ya mwili kuvunjwa mapema. Waswahili wanaoishi ughaibuni wanastahili kuufahamu mmea huo, kwani huko hununuliwa dukani bila cheti cha daktari.

Ugonjwa uliomfunza mwandishi kuliko yote ni kisukari. Katika kliniki ya kisukari ya Tanga ilikuwa nadra kumpata mgonjwa wa umri wa makamo ambaye hajaelekezwa na ndugu au jirani kutumia karela, uwatu, mlonge, mdalasini, habasoda au majani ya mwarobaini, na baadhi ya mimea hiyo, hasa karela na uwatu, ina uwezo halisi wa kushusha sukari, ingawa kiasi hutofautiana kwa mmea, kwa udongo ulikoota na kwa mkono wa mwandaaji. Pembeni mwa mimea hiyo kulikuwa na glibenklamidi, kidonge cha bei nafuu kinacholilazimisha kongosho kutoa insulini, yaani homoni inayoiingiza sukari kwenye seli, bila kujali kama mgonjwa amekula au hajala. Metfomini ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, lakini glibenklamidi inaweza, na nguvu yake huendelea karibu siku nzima.

Mzee mmoja, mkulima wa minazi kutoka upande wa Pangani, alikuwa akitumia dawa hizo mbili bila matatizo, na vipimo vyake vilikuwa vimetulia, hadi alipoelekezwa na jirani kunywa maji ya karela mbichi kila alfajiri. Mwezi wa Ramadhani ulipofika akaendelea na karela wakati wa daku pamoja na vidonge vyake vya asubuhi, na alasiri moja akaletwa hospitalini akiwa ametota jasho, akizungumza maneno yasiyoshikamana, wanawe wakiamini kwamba amepatwa na kiharusi. Sukari ilipopimwa ilikuwa chini sana ya 3.9 mmol/L, kipimo ambacho chini yake huhesabiwa kuwa imeshuka kupita kiasi. Alitundikiwa dripu ya glukosi, akapata fahamu, na familia ikataka kuondoka naye kwenda kufuturu nyumbani. Daktari wa zamu alikataa, na alikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa glibenklamidi iliyobaki mwilini huweza kuishusha sukari mara ya pili usiku, baada ya wote kuamini kwamba hatari imepita.

Mzee alipoulizwa kama kuna dawa nyingine anayotumia, jibu lake lilikuwa fupi: "Hakuna, mwanangu, ni hizi hizi zenu." Mzee huyo hakuwa akisema uongo, kwa sababu kwake karela lilikuwa chakula, na wala hakuona kwamba kitu kinachouzwa sokoni pamoja na bamia na nyanya chungu kinapaswa kutajwa mbele ya daktari. Aliyelitaja ni mkewe, kesho yake asubuhi, wakati akiuliza kama glasi aliyokuwa akimwandalia mumewe alfajiri iendelee hapohapo wodini.

Kilichofuata ndicho ambacho mwandishi amekitafakari zaidi kuliko tukio lenyewe. Daktari alipunguza glibenklamidi kwa nusu, uamuzi uliokuwa sahihi kwa mgonjwa ambaye sukari yake imeanguka. Na mhudumu mwingine, kwa nia njema na kwa ukali, akamwamuru mzee aachane kabisa na karela, agizo ambalo nalo likitazamwa peke yake lingeweza kutetewa. Hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja. Mzee aliondoka na nusu ya vidonge na bila karela, na baada ya wiki chache alirudi sukari ikiwa imepita 20, akiwa na kiu isiyokatika, miguu ikimwaka moto na jeraha la kidole lisilotaka kufunga. Dozi iliyopunguzwa ilikuwa imepimiwa mtu anayekunywa karela, na mtu huyo hakuwapo tena. Ndipo ilipodhihirika kwamba kuacha mmea ni badiliko la tiba sawa na kuuanza, na kwamba agizo la kuacha linapaswa kuandikwa, kupewa tarehe na kufuatiliwa kwa vipimo kama linavyofanyiwa agizo la kidonge.

Mpango uliokubaliwa baadaye na kliniki haukumnyang'anya mzee karela. Liliruhusiwa kama mboga iliyopikwa, kwa kiasi kinacholiwa na familia nzima, kwa kuwa kiasi hicho hubadilika kidogo kutoka wiki moja hadi nyingine, lakini maji yake mabichi yaliachwa kwa sababu hakuna aliyeweza kuyapimia nguvu. Sukari ilipimwa mara kwa mara katika majuma mawili ya kwanza baada ya kila badiliko. Na ratiba ya dawa ilipangwa upya kabla ya mfungo uliofuata, pamoja na maelekezo kwamba akihisi jasho jembamba, kutetemeka au njaa ya ghafla afungue kwa tende au maji ya sukari bila kusubiri magharibi, jambo ambalo imamu wa msikiti wake mwenyewe alilithibitisha kuwa ni ruhusa ya mgonjwa. Mwandishi anaamini kwamba maneno ya imamu yalifanya kazi kubwa kuliko maelezo yote ya dirishani.

Kanuni hiyo ya uthabiti, yaani ya kutobadilisha mambo ovyo, huonekana wazi zaidi kwa wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo kwa Tanzania hupewa wengi waliobadilishiwa valvu za moyo baada ya kuharibiwa na homa ya baridi yabisi, na ambao baadhi yao hufuatiliwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam. Wafarini yenyewe ina nasaba ya majani: katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula malisho yaliyooza, na uchunguzi wa maabara ya Karl Link huko Wisconsin ukakipata kiini kilichosababisha hali hiyo, ambacho kilifungua njia ya kuitengeneza dawa hii. Hufanya kazi kwa kuizuia kazi ya vitamini K, na vitamini hiyo imejaa katika mchicha, kisamvu na matembele. Wapo wagonjwa walioambiwa wasiguse mboga za majani maisha yao yote, na kwa mwanamke anayepikia familia kwa kipato kidogo agizo hilo ni sawa na kumwambia asile kitoweo. Wengi walilitii kwa mwezi mmoja, kisha wakarudi kwenye kisamvu kwa nguvu, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kikayumba huku na huko. Ushauri ulio bora ni kula kiasi kinacholingana kila wiki na kuiacha dozi ipimwe juu ya mlo huo. Kitunguu saumu na tangawizi za mchuzi hazina neno, lakini vidonge vya kitunguu saumu na unga mzito wa tangawizi ni jambo jingine, kwa kuwa navyo huweza kuipunguzia damu uwezo wa kuganda, na mgonjwa wa wafarini akianza kuona damu kwenye fizi au kwenye mkojo hapaswi kungoja tarehe ya kliniki.

Shubiri ni mfano wa mwingiliano unaopita kwa mlango wa nyuma. Mgonjwa wa moyo anayetumia dijoksini na furosemaidi, yaani dawa ya kupunguza maji mwilini kwa njia ya mkojo, akinywa utomvu mchungu wa shubiri kila siku ili asafishe tumbo, atapoteza madini ya potasiamu kwa njia mbili kwa wakati mmoja, kwa mkojo na kwa kuhara. Potasiamu ikipungua, dijoksini ileile iliyokuwa ikimsaidia huweza kuuvuruga mwendo wa mapigo ya moyo. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kuona vitu vikiwa na rangi ya manjano ni dalili za kuzingatia, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ni shubiri inayofanya kazi yake.

Kwa wajawazito, kuna jambo dogo na jambo kubwa. Dogo ni kwamba vidonge vya madini ya chuma na foliki, vinavyotolewa kliniki kwa jina la FEFO, hupoteza sehemu ya faida yake vikimezwa pamoja na chai, kwa sababu viambata vya chai huishika chuma tumboni, na udongo wa kula ambao wajawazito wengi huupenda huweza kufanya vivyo hivyo. Kumeza kidonge mbali na chai hulimaliza tatizo bila kumnyima mama chai yake. Kubwa ni dawa ya kuongeza uchungu. Baadhi ya mizizi na majani yanayopewa mama ili ajifungue haraka hukaza misuli ya mji wa mimba kwa nguvu, na mama huyo akifika hospitalini akawekewa oksitosini, dawa inayofanya kazi hiyohiyo, bila mkunga kuambiwa alichokunywa nyumbani, mji wa mimba unaweza kupasuka, na mama na mtoto wakawa hatarini kwa dakika chache. Katika mambo mengine yote yanayoelezwa humu mwandishi yuko tayari kwa mashauriano. Katika hili hayuko tayari. Dawa ya uchungu na dripu ya uchungu hazipaswi kukutana, na mama au mkwe aliyemsindikiza mzazi anapaswa kuulizwa faraghani, kwa upole, kabla dripu haijafunguliwa.

Kwa upande wa VVU, kumbukumbu ya wengi hurudi mwaka 2011, wakati kijiji cha Samunge huko Loliondo kilipojaa magari ya watu waliokwenda kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyeitwa Babu na nchi nzima, ambaye kwa shilingi 500 alitoa kikombe cha dawa iliyochemshwa kwa mizizi ya mti wa mugariga. Foleni ilikuwa ya kilomita nyingi, na wapo waliotolewa wodini wakafia njiani au kwenye foleni hiyo. Kutoka Tanga walikwenda pia watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi, na baadhi yao walirudi dirishani kusema, kwa furaha ya kweli, kwamba hawatachukua tena vidonge. Athari ya kikombe chenyewe ndani ya mwili ilikuwa jambo la pili. Jambo la kwanza lilikuwa kuacha. Dawa za mchanganyiko wa wakati ule hazikuwa na umri sawa ndani ya damu: nevirapini na efavirenzi hubaki kwa siku kadhaa baada ya zile mbili zilizoambatana nazo kwisha, kwa hiyo anayeacha zote kwa mara moja huviacha virusi mbele ya dawa moja iliyo peke yake, na hapo ndipo usugu huzaliwa, yaani uwezo wa virusi kuendelea kuongezeka licha ya dawa. Waliopokewa kwa karipio walipotea, na walipoonekana tena ilikuwa ni kwa kubebwa. Walioambiwa kwamba imani yao ni yao, ila waendelee na vidonge mpaka maabara ithibitishe kupona kwao, wengi wao waliendelea.

Mitishamba ya kila siku nayo ina nafasi yake katika tiba hiyo. Utafiti mmoja uliofanyika Marekani ulionyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kiwango cha sakwinaviri katika damu kwa karibu nusu, na ingawa dawa hiyo haitumiki tena kwa wingi, fundisho lake limebaki. Kwa doluteguraviri, inayotumiwa leo na wagonjwa wengi, tahadhari iko kwenye madini: vidonge vya chuma au vya kalsiamu na dawa za kiungulia huweza kuishika tumboni isinyonywe, na ndiyo maana huelekezwa imezwe saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 6 baada yake. Tanga ilikuwa na bahati ya kuwa na shirika la Tanga AIDS Working Group, ambalo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 liliwakutanisha madaktari na waganga wa tiba asili kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, miaka kumi na zaidi kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure nchini. Ilikuwa mitishamba ya kutibu utando mweupe wa mdomoni, mkanda wa jeshi na kukosa hamu ya kula ndiyo iliyowafanya wengi wapate nafuu wakati hospitali haikuwa na cha kuwapa. Anayewadharau waganga wote kwa pamoja huwa ameusahau wakati huo.

Kuna tahadhari nyingine ambayo haimo katika mwingiliano wa dawa bali katika utambuzi wa mmea wenyewe. Jina moja la Kiswahili, Kisambaa au Kizigua huweza kupewa mimea miwili tofauti katika vijiji viwili jirani, na kosa la namna hiyo lina mfano mzito wa Ubelgiji, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 takriban wanawake 100 waliotumia mchanganyiko wa kupunguza unene waliharibikiwa figo, baadhi wakapata na saratani ya njia ya mkojo, kwa kuwa mmea mmoja wa Kichina uliokusudiwa ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia wenye jina linalofanana nao. Unga uliosagwa tayari, usioonyesha jani wala gome, ni wa kuhofiwa zaidi, hasa ukiondoa maumivu ya viungo kwa siku moja au ukirudisha nguvu za kiume kwa saa moja, kwani maabara za nchi nyingi zimekuta ndani ya unga wa aina hiyo vidonge vya viwandani vilivyosagwa, kama vile deksamethasoni na sildenafili. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti, yaani dawa za kutanua mishipa kifua kinapobana, akimeza sildenafili bila kujua anaweza kuanguka kwa presha kushuka ghafla. Mafuta ya mbegu za mwarobaini nayo, ambayo ni tofauti kabisa na maji ya majani yake, yamewahi kuwasababishia watoto wachanga sumu ya ini na degedege, na hayafai kunyweshwa mtoto.

Namna ya kuuliza ndiyo iliyobadilika zaidi dirishani kadiri miaka ilivyokwenda. Swali la kama mgonjwa anatumia dawa za kienyeji, likiulizwa mbele ya foleni na kwa sauti ya mahakama, hujibiwa kwa neno moja, hapana. Swali lililozaa majibu liliulizwa baada ya shikamoo na baada ya habari za nyumbani, nalo lilikuwa refu: "Bibi, asubuhi unaanza na nini kabla ya chai? Kuna majani, mizizi, unga, mafuta au asali unayochanganya? Kombe je?" Kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani kwa zafarani, halina mwingiliano wa kuhofiwa, lakini kulitaja kulimwonyesha bibi kwamba hakuna kitakachochekwa. Baada ya hapo yaliulizwa mambo yaliyokuwa na uzito wa kitabibu: ni sehemu gani ya mmea, inachemshwa au inalowekwa, kiasi gani, tangu lini, na nani aliyeelekeza, na pale jina lilipokuwa na utata, mgonjwa aliombwa aje na tawi lenye majani siku ya kliniki.

Majibu yaliandikwa katika daftari la mgonjwa, lile daftari la kawaida la shule ambalo wagonjwa wa kliniki hulibeba likiwa limefungwa kwa mfuko wa nailoni, kwenye ukurasa wa mwisho, ili daktari asilazimike kuyatafuta: karela, maji ya tunda moja, kila alfajiri, tangu Shaabani; choya, glasi mbili jioni; shubiri, imeachwa, na tarehe ya kuachwa. Madaktari wengine mwanzoni waliupuuza ukurasa huo, kisha wakaanza kuufungua kabla ya kugusa dozi. Mganga mmoja wa upande wa Muheza, aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, naye alianza kuwataka wagonjwa wake waende kwake na daftari hilo, na kama kuna mtu wa kulisoma, lisomwe mbele yake. Baada ya muda ukurasa wa mwisho ukawa na miandiko miwili, wa dirishani na wa kijana wa mganga aliyekuwa akiandika kwa niaba yake, na katika baadhi ya madaftari mwandiko huo wa pili ulisema kwamba dawa imesimamishwa mpaka daktari apime.